Jiko ni la Nani? Ubunifu Huria katika Viwanda vya Teknolojia ya Chini

Neno moja, maana nyingi

Katika makongamano ya wajasiriamali na hotuba za viwanda siku hizi, "ubunifu huria" ni neno lisilokosekana, ila kila anayelitamka ana maana yake. Kwa mmoja ni kugawa maarifa bure, kama zifanyavyo programu za kompyuta za chanzo huria. Kwa mwingine ni mashindano ya vijana wanaokesha siku mbili wakitafuta dawa ya tatizo la kampuni fulani. Kwa wa tatu ni jina la heshima la kuiga bidhaa ya jirani. Mkanganyiko huu una gharama. Mwenye kiwanda kidogo cha viatu, samani au unga wa lishe anaambiwa leo asajili hataza kabla wazo lake halijaibwa, na kesho anaambiwa kwamba akificha ubunifu wake atabaki nyuma. Mashauri yote mawili yalizaliwa katika kampuni za dawa na za kompyuta, ambako siri hukaa ndani ya fomula au mistari ya programu. Je, katika viwanda ambavyo bidhaa yake hufunguliwa kwa nyundo na koleo na kueleweka ndani ya nusu saa, kufungua milango kunamaanisha nini, na hasara yake hubebwa na nani?

Lilikotoka

Neno hili lilienezwa na Henry Chesbrough wa Marekani katika kitabu chake cha mwaka 2003, ambacho mifano yake mikubwa ilikuwa Xerox, IBM na Intel. Hoja yake ilikuwa kwamba maabara ya ndani peke yake haitoshi tena. Mawazo ya nje yaruhusiwe kuingia, na yale ambayo kampuni haiyatumii yaruhusiwe kutoka yakaendelezwe na wengine. Hakusema yatoke bure. Kwake hataza ni kitu cha kuuzwa na kununuliwa, na ushirikiano huendeshwa kwa mikataba na malipo. Kwa hiyo anayesema "huria" akimaanisha "bure" anazungumzia jambo jingine kabisa. Mwaka 2006 Chesbrough na mwenzake Crowther waliuliza kama mtindo huo upo pia nje ya teknolojia ya juu, wakakuta kwamba upo.

Kuwepo kwake si ajabu. Shirika la OECD huita tasnia kuwa ya teknolojia ya chini ikiwa inatumia sehemu ndogo sana ya mapato yake kwa utafiti, takribani asilimia moja au pungufu. Humo mna chakula na vinywaji, nguo, ngozi, mbao, karatasi na samani. Mwaka 1984 Keith Pavitt alionyesha kwamba tasnia nyingi za namna hii hupata maendeleo yao kutoka kwa wauza mitambo na malighafi. Kiwanda cha nguo hakibuni mashine ya kufuma. Hununua ile ile anayoweza kuinunua mshindani wake. Na mwaka 1983 mwanahistoria wa uchumi Robert Allen alieleza namna wafua chuma wa Cleveland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, walivyoendeleza tanuri zao katikati ya karne ya 19. Kila kampuni iliyojenga tanuri refu zaidi ilieleza matokeo yake hadharani, na aliyefuata alianzia pale mwenzake alipoishia. Katika muda wa takribani miaka 20, urefu wa tanuri ulipanda kutoka kama futi 50 hadi 80, na gharama ya makaa ya kuchochea tanuri hizo ikashuka kwa wote. Hakukuwa na aliyeuita mwenendo ule ubunifu huria.

Kwa maneno mengine, milango ya viwanda hivi haijawahi kufungwa sawasawa. Mjadala wa "tufungue au tusifungue" unaanzia mahali ambapo wenye viwanda hawapo. Wao tayari wako nje, sokoni, wakitazamana. Swali lao ni nini kinachovuja chenyewe, nini hakivuji hata wakitaka kivuje, na nini kinastahili kulindwa.

Jiko la Nairobi

Hakuna mfano wa Afrika Mashariki unaolijibu swali hilo vizuri kuliko jiko la makaa lenye udongo ndani, ambalo Kenya hujulikana kama jiko la kauri. Kabla yake palikuwa na jiko la bati tupu, ambalo wengi hulihusisha na vibarua wa Kihindi waliojenga reli. Lilikuwa rahisi kutengeneza, lakini joto lake jingi lilipotelea ubavuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mbadala uliofanyika Nairobi mwaka 1981, mradi uliofadhiliwa na Marekani kwa kushirikiana na Wizara ya Nishati ya Kenya ulianza kutafuta jiko bora. Max Kinyanjui na wenzake walichukua wazo kutoka jiko la ndoo la Thailand. Hapo wazo la nje liliingia, kama nadharia isemavyo.

Lakini wazo lililoingia halikufanya kazi mara moja. Michoro ya kwanza ilijaza udongo jiko zima, ukawa mzito, na joto lilipoutanua ukapasuka. Wanawake waliopewa majiko hayo kwa majaribio ndio walioeleza yanavyoyumba wakati wa kusonga ugali na yanavyochelewa kuwaka. Umbo lililodumu lilitokana na malalamiko hayo: mwili wa bati uliobanwa kiunoni, juu pana na chini pana, na bakuli la udongo likikaa nusu ya juu tu, limeshikizwa kwa mchanganyiko wa simenti na vermikulaiti ili lipate nafasi ya kutanuka bila kupasuka. Sakafu ya bakuli ina matundu ya kupitisha hewa na majivu, chini kuna kimlango cha kupunguza au kuongeza moto, na juu sufuria inakaa kwenye vishikizo vitatu. Mabati yalitoka kwenye mapipa chakavu. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Shauri Moyo walikuwa na nyundo na ujuzi tayari; kilichobaki ni wafinyanzi wa kutengeneza mabakuli, na shirika la KENGO lilizunguka likifundisha.

Jiko hilo halikuwekewa hataza. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, mtafiti Daniel Kammen alikadiria kwamba zaidi ya majiko 700,000 yalikuwa yakitumika Kenya. Bei, iliyoanza karibu dola 15, ilishuka hadi dola chache kwa ushindani wa mafundi wenyewe, na nyumba iliyolitumia vizuri iliokoa kati ya asilimia 30 na 50 ya makaa. Umbo lilivuka mipaka bila kuomba ruhusa. Dar es Salaam likawa Jiko Bora, Ethiopia likazaa Lakech, Senegal likazaa Diambar. Ni vigumu kuwaza mkataba wa leseni ambao ungelifikisha huko kwa kasi hiyo.

Wanaosema milango iwe wazi

Hoja ya kwanza, basi, ina ushahidi wa kutosha. Pale ambapo mtaji ni nyundo na fuawe, hataza haizuii kuiga. Humchelewesha tu mwaminifu. Fundi hana wakili wa kumshtaki jirani, na jirani hana mali ya kumlipa akishindwa kesi. Uwazi huleta ushindani, ushindani hushusha bei, na bei ndiyo iliyokuwa kikwazo cha kwanza kwa mama wa Eastleigh, Nairobi, au Manzese, Dar es Salaam. Aidha, kuiga kwenyewe ni sehemu ya ubunifu. Walioligeuza kuwa Jiko Bora lilingane na mahitaji ya Dar es Salaam hawakunakili tu, waliongeza.

Udhaifu wa hoja hii hauonekani kwa kuhesabu majiko yaliyouzwa. Unaonekana miezi michache baadaye, kwenye bakuli lenye ufa. Kadiri watengenezaji walivyoongezeka ndivyo majiko hafifu yalivyozidi, na lawama ya kawaida ikaelekezwa kwenye uchu wa faida. Nadhani chanzo chake ni kingine. Mwili wa bati unasomeka kwa macho. Fundi hodari akilishika jiko, akalipima kwa shubiri na kulitandaza, jioni anaweza kukata la kwake. Bakuli halisomeki hivyo. Ubora wake uko katika udongo uliochimbwa, kiasi cha mchanga uliochanganywa, siku ulizoachwa ukauke kivulini, na moto wa tanuri ulivyopandishwa. Hayo hayaonekani kwa kulitazama bakuli lililokwisha kuiva. Uwazi wa soko ulivujisha umbo ukaacha mchakato nyuma, na aliyetengeneza bila mafunzo alinakili nusu ya ubunifu akidhani amenakili wote.

Udhaifu wa pili ni kwamba jiko la bure halikuwa la bure. Majaribio yaliyoshindwa, vipimo, mishahara na mafunzo vililipwa na wafadhili. Fedha hizo zilipokwisha hapakuwa na mtu yeyote sokoni mwenye sababu ya kugharimia utafiti uliofuata, kwa kuwa faida ya utafiti huo ingemwendea kila mtu. Kwa sehemu kubwa, jiko linalouzwa vibandani leo bado ni lile lile la miaka ya 1980.

Wanaosema tufunge

Hapa ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Katika muongo wa 2010, kampuni ya BURN ilianza kutengeneza majiko ya makaa katika kiwanda cha kisasa karibu na Nairobi, kwa mitambo, maabara na usanifu wake yenyewe. Susanna Berkouwer na Joshua Dean walilichunguza jiko lake la Jikokoa katika kaya takribani 1,000 za Nairobi na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Kaya iliyolipata ilipunguza matumizi ya makaa kwa asilimia 39, akiba ya kama dola 119 kwa mwaka, ikilinganishwa na majiko ambayo watu walikuwa nayo tayari. Mtu akiamini kwamba uwazi unatosha, tarakimu hiyo inapaswa kumsumbua. Ina maana kwamba akiba kubwa ilikuwa imelala ndani ya majiko ya soko huria kwa miaka mingi, na hakuna aliyekuwa na mtaji wala motisha ya kuichimbua.

Lakini utafiti huo huo unaonyesha bei ya kufunga. Jikokoa liliuzwa kwa dola 40, wakati wastani wa kiasi ambacho kaya zilikuwa tayari kulipa taslimu ulikuwa dola 12 tu. Walipopewa mkopo wa miezi mitatu, kiasi hicho kilizidi mara mbili. Kwa hiyo watu hawakuwa wakilikataa jiko. Waliishiwa fedha za kuanzia. Kiwanda kilichofungwa huweza kupiga hatua ya ufundi, kisha kikahitaji mkopo, ruzuku au mapato ya hewa ukaa kuifikisha hatua hiyo kwa mnunuzi yule ambaye jua kali ilimfikia bila msaada. Na ajira ya mafundi mia vibandani si kitu kimoja na ajira ya wafanyakazi mia kiwandani, hata idadi ikilingana, kwa maana fundi huondoka na ujuzi wa kuanzisha kibanda chake.

Tena, ufungaji wa kisheria una masharti ambayo washauri huyataja harakaharaka. Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kitu kilichokwisha kuzagaa sokoni hupoteza upya huo. Hudumu miaka 20, na hulindwa nchi kwa nchi. Kwa kiwanda chenye aloi mpya au mtambo mpya, gharama hiyo inaweza kulipa. Kwa mshona viatu aliyebadilisha mkato wa ngozi, ni fedha ambayo ingemnunulia cherehani.

Uwezo wa kupokea

Pande zote mbili husahau kwamba mlango ukiwa wazi haimaanishi kuna mtu ndani wa kupokea mgeni. Wesley Cohen na Daniel Levinthal waliliandika hilo mwaka 1990: kampuni isiyo na ujuzi wake yenyewe haitambui thamani ya ujuzi wa nje. Mfano unaopendwa sana na wahubiri wa uwazi ni Procter & Gamble, kampuni ya sabuni na bidhaa za nyumbani, ambayo mwaka 2000, chini ya A. G. Lafley, ilijiwekea lengo la kupata nusu ya ubunifu wake kutoka nje. Ilipotaka kuchapa picha na maneno juu ya vipande vya Pringles, ilikuta mbinu hiyo katika duka dogo la mikate mjini Bologna, Italia, ikaitumia badala ya kuibuni upya. Habari hiyo husimuliwa mara nyingi, ila mara chache huongezwa kwamba kampuni ilikuwa na watafiti wapatao 7,500 wa kuitafuta mbinu ile, kuielewa na kuiingiza kiwandani. Keld Laursen na Ammon Salter nao, walipochunguza viwanda 2,707 vya Uingereza katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, waliona kwamba kutafuta mawazo kwingi husaidia mpaka kiwango fulani, kisha huanza kuumiza, kwani akili za kuyashughulikia ni chache.

Kiwanda kidogo hakiwezi kuajiri watafiti hata kumi. Ubelgiji ililitatua hilo kwa sheria ya mwaka 1947 iliyoruhusu kila tasnia kuwa na kituo chake cha pamoja cha utafiti, kinacholipiwa kwa michango ya lazima ya kampuni za tasnia hiyo. Cha wafuma nguo ni Centexbel. Karibu na kwetu kuna Lyamungu, Moshi, makao makuu ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoanza kazi mwaka 2001 ikiwa mikononi mwa wadau wa kahawa wenyewe. Ilitoa aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, lakini haikuishia kutangaza aina hizo. Vikundi vya wakulima vilifundishwa kuzalisha miche katika vitalu vya vijijini, hatua kwa hatua, hadi mkulima akaweza kumgawia jirani mche ulio sahihi. Kilichosambazwa pale ni mchakato, kile kile kilichokosekana kwa bakuli la jiko.

Jina kwenye pindo

Kinachobaki kulindwa ni nini? Kanga inatoa jibu lililokwisha kupimwa na muda. Ni bidhaa iliyobuniwa na watumiaji: wanawake wa Zanzibar na pwani, katika karne ya 19, waliunganisha leso kuwa nguo moja kubwa, wafanyabiashara wakaona, wakaagiza nguo hiyo ikiwa nzima kutoka ng'ambo. Michoro ya mji na pindo imeigwa tangu siku hizo, na vitambaa vimechapwa Ulaya, Japani, India na katika kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam. Hakuna aliyefanikiwa kuifungia kanga ndani ya ua wake. Lakini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, lilitia alama yake kwenye kitambaa: Mali ya Abdulla. Maua yalinakilika, misemo ilinakilika, ila mnunuzi aliyeitafuta alama ile alijua rangi haitachujuka na nani atakayemwendea ikichujuka.

Thamani ya jina ilionekana hata kwa njia ya uchungu katikati ya miaka ya 2000, pale kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Pingamizi kutoka Kenya na kwa marafiki zake wa Uingereza lilifanikiwa, ombi likaanguka. Hakuna aliyekuwa amewazuia wafumaji wa kikoi kuiga michirizi ya wenzao kwa vizazi. Hatari ya kweli ilikuja siku mtu alipotaka kuchukua neno.

Kupima

Kwa viwanda vya teknolojia ya chini, naona umbo liachwe huru kwa kuwa halizuiliki na kulizuia kunaongeza bei. Mchakato ufunguliwe kwa makusudi, yaani ufundishwe, kwa kuwa wenyewe hauvuji na ukosefu wake ndio unaoharibu bidhaa. Jina lilindwe, na ikiwezekana liwe jina la kundi zima, kama wasusi wa vikapu wa Taita walivyosajili alama ya pamoja. Kazi hizi mbili za mwisho zinahitaji chombo kinacholipiwa na tasnia yenyewe, maana mfadhili huja na kuondoka.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba tozo na alama ni urasimu mwingine wa kumfungia nje fundi fukara. Hofu hiyo ni ya haki. Tozo za mazao zimewahi kuwaelemea wakulima wetu bila kuwarudishia kitu. Jibu langu ni kwamba alama ya hiari haimkatazi asiyenayo kuuza. Inamnyima tu jina ambalo hakulifanyia kazi. Tofauti ya hili na leseni ya lazima ni kubwa, na wapangaji wa sera wasiichanganye. La pili ni kwamba wakubwa watachukua maarifa ya pamoja na kuwameza wadogo. Watayachukua, ni kweli. Lakini maarifa yaliyofichwa vibandani hayajawahi kumzuia mkubwa, ambaye anaweza kununua jiko moja na kulipeleka maabara. Anayezuiwa ni fundi wa kibanda cha tatu. La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni kwamba mpango huu hautaleta hatua kubwa ya kiufundi kama ya Jikokoa. Ninakubali. Chombo cha tasnia huboresha polepole, na hatua za ghafla zitaendelea kuhitaji kampuni yenye mtaji na haki zake. Serikali haina haja ya kuchagua moja na kuua jingine, maadamu bei ya hatua hiyo ya ghafla haitumiwi kuwa sababu ya kuwafukuza Kamukunji wale waliomfikia mnunuzi wa dola chache.

Mnunuzi huyo leo akisimama mbele ya rundo la mabakuli ya udongo, huokota moja, hulininginiza kwa vidole na kuligonga kwa kifundo asikie mlio, kama alivyofanya bibi yake kwa chungu. Mlio mkavu unamwambia kuna ufa. Haumwambii udongo ulichanganywaje wala tanuri lilipanda moto kiasi gani. Muhuri unaogandamizwa kwenye udongo mbichi, kabla haujaachwa ukauke, huchukua sekunde moja ya mfinyanzi. Kazi iko katika kuwapo kwa mtu anayeruhusiwa kumnyang'anya muhuri huo mabakuli yake yakianza kupasuka.